Somo Alilolishika kwa Masikio

Wazazi vijana hunijia baada ya ibada kuniuliza wapeleke mtoto shule ya serikali au ya kulipia. Huwa nachelewa kuwajibu, kwa aibu.

Miaka ya tisini nilikuwa mzee wa kanisa upande wa Rangwe. Binti yangu alisoma darasa la tatu shule ya serikali, wanne kwenye dawati moja. Siku moja mwalimu wake aliniita.

"Mzee, mtoto haoni vizuri. Ubaoni anabahatisha tu. Nimemketisha mbele, lakini mpeleke hospitali Homa Bay wampime macho."

Nilicheka. "Mwalimu, huyu husoma Neno mbele ya kanisa zima. Hujamsikia?"

"Nimemsikia. Nilitazama macho yake pia. Hayakuwa kwenye kitabu."

Niliondoka bila kuaga. Muhula uliofuata nilimpeleka akademi ya kulipia, ya bweni, mjini Migori, yenye tai na Kiingereza kuanzia asubuhi. Ripoti ilisema katika kila mstari kwamba anaendelea vizuri. Niliwaonyesha watu kanisani.

Likizo ilipofika, tulirudia desturi yetu. Kila jioni baada ya sala nilimsomea somo la Jumapili, naye akarudia nyuma yangu mpaka likamkaa. Mimi niliita hiyo kumfundisha kusoma.

Jumapili moja mhubiri mgeni alibadilisha somo pale pale, akataka barua ya mtume. Binti yangu alifungua kitabu akasema zaburi tuliyoizoea, neno kwa neno, kwa sauti nzuri.

"Haya, leo mtume anaimba zaburi!" mama mmoja akasema nyuma. Kanisa likacheka. Mtoto akaendelea hadi mwisho, kwa kuwa hakujua jingine la kufanya.

Nje nilimuuliza, "Nyathina, mwanangu, mbona hukusema huoni?"

"Nilimwambia mwalimu wa hapa, Baba. Akasema ameshakwambia."

"Na kule Migori?"

"Kule hakuna aliyeniuliza."

Niliwahi kusimama mbele ya watu kuungama mambo madogo madogo. Hili sikuliungama kwa miaka mingi.

Tulikwenda Homa Bay, akapewa miwani. Kisha nikamrudisha shule ile ile ya serikali. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba mwalimu msamaha, na nilikuwa tayari anikemee. Alinisalimu kwa heshima, akaniambia asante kwa kumleta, na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameinama, akimrekebishia mtoto miwani masikioni.

"Sogeeni," akawaambia wa dawati la mbele. Wakasogea, wakawa watano.

Akaandika sentensi ubaoni. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Binti yangu alisoma polepole, akakosea maneno mawili. Nilimshukuru Mungu kwa makosa yale. Mimi sikuwa nimemsomea.