Bega la Mwarandu

Mama alikuwa akikuna nazi uani, nyumbani kwetu Kisauni, Mwarandu alipoingia na kofia yake ya jeshi mkononi. Alimwamkia, kisha akatuambia kwamba kaka yangu Stambuli amefariki jana jioni, mazoezini upande wa Voi. Bomu lilipasuka kabla ya wakati wake.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Mwili wake u mzima?"

Bomu lile limeundwa kutoboa vifaru. Tulichelea kwamba hatutapata hata mwili wa kuosha.

"Ni mzima, mama. Kipande kimoja cha chuma kilimwingia ubavuni. Uso ni ule ule. Walitaka kulipigilia sanduku misumari, nikakataa. Nikawaambia, huyu ana kwao, wataka kumwosha wenyewe. Yuko ndani ya lori, hapo barabarani."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Ndipo alipolia.

Kaka alikuwa mwezekaji wa makuti kabla ya kuingia jeshini mwaka 1957. Huko alipangwa pamoja na Mwarandu, Mgiriama wa Kaloleni, kwenye mzinga wa begani, bomba refu lililo wazi pande zote mbili. Mwarandu hulibeba na kulenga. Kaka hutia bomu kwa nyuma, hujitoa pembeni kwa sababu moto hutokea huko pia, kisha humgonga mwenziwe begani kumjulisha kuwa tayari.

Mazoea hayo alikuja nayo likizoni. Mtu akisimama nyuma yake, humvuta kando. Chai ikichemka, humgonga mama begani.

"Wewe, mimi si Mwarandu," mama humwambia.

Naye Mwarandu akija kula kwetu, kaka humwongezea wali. "Kula, ndugu yangu. Bega lako likikonda mimi sina kazi."

Siku hiyo mimi na ami Idarus tulimwosha kwa utulivu. Jeraha lilikuwa dogo, tukaliziba kwa pamba. Mama alimtazama uso na kumbusu kipaji.

Baada ya swala ya alasiri tulilibeba jeneza. Watu walipokezana, lakini Mwarandu hakukubali kupokewa mpaka makaburini. Nilishuka kaburini, nikamlaza kaka ubavu wa kulia, uso kibla, nikamfungua kamba za sanda. Tukafukia, tukamwombea dua.

Niliporudi, mama aliniuliza, "Mmemlaza vyema?"

"Tumemlaza vyema, mama."

Akaomba maji ya kutawadha.