Homa ya Pembeni ya Mafiga

Jina langu ni Mwamini. Nimezaliwa katika vilima vya Masisi, na kabla ya kuolewa sikujua ugonjwa ni kitu gani. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu wanaonifahamu tangu zamani wanajua nilivyokuwa na majivuno ya afya. Nilibeba gunia la maharage mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka shambani hadi barabarani, na nikifika nilikuwa bado na pumzi ya kumtania aliyebaki nyuma. Mtu akisema kichwa kinamuuma, nilimuuliza kama si uvivu. Baridi ya kwetu ilinilea, na maziwa ya kwetu.

Byamungu nilimpata sokoni. Alikuwa anapanda kutoka Walikale na mawese na nyama ya kukausha, mtu mpole, mwenye kucheka polepole kama anayeonja chumvi. Tulifunga ndoa kanisani, miaka michache baada ya uhuru, nikashuka naye msituni kwa mama yake.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya zamani, ya udongo kuanzia kuta mpaka chini. Ukoo wao ulikuwa na desturi: bibi mpya analala chini, kwenye mkeka, pembeni ya mafiga, mpaka azae. Kitanda ni cha yule aliyeleta mtoto. Mama mkwe alinitandikia kwa mikono yake mwenyewe, akausogeza mkeka karibu na moto.

"Hapa njo mahali pa joto, mutoto yangu," alisema. "Weye unatoka kwa baridi."

Asubuhi niliona alama ndogo nyekundu mapajani, na damu kidogo iliyokauka kwenye mkeka. Nilidhani ni viroboto. Nikafagia.

Homa ilinikamata nikiwa na mimba ya kwanza. Nilikuwa shambani, jua likiwaka, nikaanza kutetemeka hadi jembe likaniponyoka. Kichwa kilikuwa kama kinapasuka. Nyama za miguu, nyuma ya goti, ziliuma hata nikalia kitenge kikinigusa. Nilitapika nyongo. Macho yaligeuka manjano, mkojo ukawa kama chai nyeusi, na damu ilinitoka puani. Baada ya siku chache nilitokwa jasho jingi mpaka mkeka ukalowa, kisha homa ikaondoka kabisa. Nilikula ugali, nilicheka, nikarudi shambani. Haikupita muda mrefu, kama wiki hivi, ikarudi tena. Homa ile ilikuwa na tabia mbaya: inaondoka bila kuaga na inarudi bila kubisha hodi. Iliporudi mara ya pili mimba ikatoka.

Mama mkwe alinikanda tumbo kwa maji ya moto. "Usilie sana," aliniambia. "Hii nyumba inakamataka ba kwanza. Ikisha kukujua, itakuacha. Njo vile iko tangu zamani."

Nilifikiri ananifariji tu. Lakini wake wengine wa ukoo ule waliniambia maneno hayo hayo. Wale walioolewa kutoka mbali walipoteza mimba za kwanza, kisha wakazaa vizuri. Wale waliozaliwa palepale hawakupoteza. Hapo nikaanza kuogopa. Mtu anaweza kuogopa chui, na akimwona atakimbia. Mimi niliogopa kuta za nyumba niliyolala ndani yake. Na kwa kuwa niliumwa, walinisogeza karibu zaidi na mafiga, ili nyumba inijue haraka.

Mimba ya pili ilipoingia homa ikaja tena, na Byamungu alisema twende hospitali ya misheni. Ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, kupanda na kushuka, na mito ya kuvuka. Siku za homa sikuweza hata kwenda chooni bila kushikwa mkono. Kwa hiyo tulingoja nipate nguvu, kisha tukaenda. Mwuguzi, Papa Anselmi, alinitoboa kidole, akaitazama damu kwenye darubini.

"Mama, damu yako iko safi," alisema. "Kamata hii kinini, urudie nyumbani."

Tulirudi tukifurahi. Homa nayo ikarudi. Tulikwenda tena, vilevile, siku nilipopata nguvu, na damu ikawa safi tena. Kinini, ile dawa ya malaria, kilinipigia kengele masikioni, basi.

Mtoto yule alizaliwa amekufa. Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele na kucha tayari, kucha ndogo kabisa, nami nilizishika moja moja kabla hawajamchukua. Byamungu alichimba nyuma ya migomba, akakaa huko hadi mvua ikamlowesha.

Kaka yangu alikuja kutoka Masisi aliposikia. Alinivuta pembeni. "Huyu mama mukwe yako iko anakula batoto yako," alisema. "Turudie kwetu."

Nilimwamini. Tangu siku hiyo nilitazama mikono ya mama mkwe alipopika, na sikula mpaka yeye ale kwanza. Sikurudi Masisi, maana Byamungu nilimpenda, na pia sikutaka wale niliowatania wanione nimerudi mikono mitupu, macho ya manjano. Lakini nililala nikiwa nimekunja magoti tumboni, nikimsikiliza mama mkwe akipumua kitandani kwake.

Mimba ya tatu ilipoanza kuonekana, homa ilikuja mara ya kwanza, ikaondoka. Nikajua itarudi. Katika zile siku za afya tulikwenda tena misheni, na safari hiyo tulimkuta daktari mgeni, Mzungu mwenye mvi, ambaye alikuwa anazunguka hospitali za upande ule akiuliza wanawake waliopoteza mimba. Alitaka kujua nani anapoteza na nani hapotezi. Hakujua Kiswahili vizuri, Papa Anselmi alimtafsiria. Aliniuliza maswali ambayo niliona hayana maana. Umezaliwa wapi? Unakula nini? Maji unachota wapi? Unalala juu ya nini? Mama mkwe wako amezaliwa wapi? Kwa swali hilo nilifumba mdomo.

Kisha akauliza, "Ulipokuja hapa, ulikuja ukiwa na homa?"

Nikakasirika. "Nikiwa na homa siwezi hata kusimama. Ningekuja namna gani? Nilikuja siku nilipopona."

Papa Anselmi alitafsiri, na sauti yake ilipungua kabla hajamaliza. Wawili wale walitazamana. Daktari akasema maneno machache, akayarudia.

"Dokta anasema hivi," Papa Anselmi aliniambia. "Siku zote tuliangalia damu yako wakati ugonjwa umejificha. Sisi wote tulikosea, Mama. Anataka kukuona ukiwaka moto. Homa ikirudi, siku ileile, bakubebe bakulete."

"Na mtoto?"

"Homa ikirudi mara mbili tena bila dawa, Dokta anaogopa juu ya mutoto."

Tulirudi nyumbani kuingoja homa. Sijawahi kuogopa kama siku zile. Fikiria mtu anayekaa mlangoni akimngoja mwuaji wake, na amwombe aje, maana asipokuja hatakamatwa. Kila asubuhi nilijigusa shingo. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kucheza tumboni, na kila alipocheza nilisema moyoni, tulia, tulia, homa isikusikie.

Ilirudi alfajiri. Nilitetemeka hadi meno yakauma ulimi. Byamungu alitoka kuita vijana wakate miti ya kipoyi, yaani machela ya kunibebea, na hapo ndipo shida ilipoanza. Katika kijiji kile, kipoyi kilibeba maiti tu. Miaka ile ya vurugu kilikuwa kimebeba nyingi.

"Tukimubeba muntu muzima, tunamuitia kifo," mmoja wao alisema. "Na mutoto iko ndani. Tutabeba babili."

"Atembee kidogo," mwingine alisema. "Akishindwa tutaona."

Byamungu aliwasihi, wakatazama chini. Niliwasikia kutoka kwenye mkeka, na niliona kweli kabisa kwamba nitafia pale pembeni ya mafiga. Ndipo mama mkwe alipotoka nje. Alijifunga kitenge kiunoni, akainama, akashika mti wa mbele wa kipoyi.

"Byamungu, kamata nyuma," alisema. "Benye banaogopa babaki na banawake."

Mwanamke mzima, mwenye mvi! Hawakumwacha afike hata kwenye mto wa kwanza. Vijana walimpokea wakiwa na aibu, wakanibeba wakipokezana, naye akatembea kando yangu njia yote, akinimwagia maji kichwani kwa kibuyu. Niliona uso wake ukienda juu na chini. Bado nilimwogopa. Nataka mlijue hilo.

Jua lilikuwa halijazama bado tulipofika. Papa Anselmi alinitoboa kidole kabla hawajanishusha vizuri. Daktari aliinama kwenye darubini, na mara akamwita Byamungu atazame. Mume wangu alisema aliona nyuzi nyembamba zinajinyonganyonga kati ya damu, nyingi, zikizisukuma chembe za damu huku na huku.

"Homa ya papasi," Papa Anselmi alisema. "Nyie munaitaka kimputu."

Wakanipiga sindano. Papa Anselmi aliwaambia wazi, "Sasa musikilize. Atatetemeka kuliko mwanzo. Vile vidudu vinakufa vyote kwa mara moja. Musikimbie naye."

Aliwaambia, lakini kusikia si kuona. Haukupita muda, baridi iliniingia ambayo hata vilima vya Masisi havina. Kitanda kiligonga ukuta. Sikuweza kuvuta hewa. Midomo iligeuka rangi ya majivu, hivyo ndivyo Byamungu alivyoniambia baadaye. Na mtoto aliacha kucheza. Hilo nililijua mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Tumbo lilinyamaza.

"Mumemuua!" Byamungu alipiga kelele. "Bibi yangu mumemuua! Ninamurudisha nyumbani!"

Alianza kuniinua. Mama mkwe alimsukuma kifuani, akapanda kitandani, akanilalia kwa nyuma na kunikumbatia, mkono wake mmoja chini ya kitovu changu. Nilisikia mwili wake wote ukitikiswa na mtetemeko wangu. Aliomba kwa lugha yao, haraka haraka, jina la Yesu na majina mengine nisiyoyajua. Mchawi hapandi kitanda cha anayemla ili atetemeke naye. Niliwaza hivyo, katikati ya hofu ile, na nikamshika mkono.

Kisha jasho. Jasho la kulowesha kitanda, yeye na mimi. Mwili ukapoa. Tukangoja. Mkono wake ndio uliojua kabla yangu.

"Amepiga," alisema. "Mwamini, amepiga teke."

Nililia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakaja kutazama.

Nilipopata nguvu, daktari na Papa Anselmi walifika nyumbani kwetu. Walichimba udongo pembeni ya mafiga, mahali pa mkeka wangu, wakauchekecha, na papasi wakabaki juu ya chekecheo, wa kijivu, waliosinyaa kama maganda ya njugu. Walipopata joto walianza kutembea. Mimi nilikimbilia nje. Wote wakanifuata uani, na daktari akaeleza kwamba mdudu huyo anakaa chini, kwenye udongo wa nyumba za zamani, anauma usiku na kurudi shimoni. Waliozaliwa pale wameumwa tangu utoto, na yeye alifikiri kwamba miili yao imejifunza. Anayetoka mbali hajajifunza, na akiwa na mimba, mtoto ndiye anayelipa. Alisema alikuwa ameyakuta mambo hayo hayo katika nyumba nyingine: bibi wa kutoka mbali, anayelala chini. Alisema pia bado anatafuta, hajui yote.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Miye pia nilitoka mbali," alisema. "Kule ng'ambo ya Mto Oso. Nililala hapo hapo, kwa mafiga. Babili nilipoteza. Balisema ni nyumba." Akamtazama daktari. "Basi bale batoto yangu, Dokta, bangepona?"

Papa Anselmi hakutafsiri. Daktari alimgusa bega amtafsirie swali, lakini mwuguzi akatikisa kichwa, machozi yakimshuka. Mama mkwe hakungoja jibu. Aliingia ndani, akakunja mkeka wangu, akautia motoni. Kisha akavuta kitanda chake hadi katikati ya nyumba na kuniambia nipande.

Alilala jikoni kwa jirani mpaka Byamungu alipojenga nyumba mpya, na mwanangu alizaliwa humo, mnene, mwenye hasira kama mimi. Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru daktari aliyeuliza maswali ya kipumbavu, na Papa Anselmi aliyekubali mbele yetu kwamba walikosea. Mama mkwe sikuwahi kumshukuru vya kutosha. Kila mtoto niliyezaa alimpokea yeye, na kila mara, kabla ya kunipa, alizikagua kucha zake moja moja.

Nyinyi mnaosikia haya, mlazeni bibi mpya kitandani siku anapofika, msingoje azae. Na homa ikikushika, dada, usingoje upate nguvu ndipo uende. Wakubebe ukiwa unawaka, hata kwa kipoyi, na wenye kunung'unika wanung'unike njiani. Na mtu asikuambie kwamba watoto wako wa kwanza walikuwa ushuru wa nyumba. Walikuwa watoto. Wa kwangu ni wawili, na wa mama mkwe wangu ni wawili, na wote wanne tunawataja kila tunaposali.