Mara ya Tatu Niliposema Sigombei

Siku yangu ya kwanza katika kaunti kaunsil, yaani baraza la madiwani, nilikaa kwenye kiti cha mtu mwingine. Nilikuwa nimefika mapema kuliko wote, na miguuni nilivaa viatu vya kuazima, vya mzee mmoja wa kanisa letu upande wa Mbumbuni, ambaye mguu wake na wangu haikuwa na undugu wowote. Vilinibana mpaka nikawa natembea kama kuku aliyefungwa. Kwa hiyo nilipoona viti vimepangwa, na kimoja kina mto mwekundu, sikuuliza. Nikaketi. Karani wa kaunsil, bwana mrefu wa miwani ambaye ndiye aliyeandika kila neno lililosemwa mle ndani, akaja akasimama mbele yangu.

"Kaunsela, hicho kiti kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Basi akija nitatoka."

Akanitazama juu ya miwani, akaandika kitu. Aliandika nini sijui, maana masomo yangu yaliishia darasa la pili, pale ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Hata hii mnayosoma nimemsimulia mjukuu wangu Mwende, na nimemkataza kunirekebisha. Kile kiti kilikuwa cha naibu wa mwenyekiti. Nilikitamani miaka yote niliyokaa pale na sikukipata.

Nilichaguliwa miaka michache baada ya Uhuru. Wakati huo hatukuulizwa cheti. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya sauti. Kwetu kuna mwethya, yaani kazi ya kikundi. Leo tunachimba mitaro ya kuzuia udongo kwako, kesho kwangu, na lazima awepo mtu wa kuanzisha wimbo ili majembe yashuke pamoja. Mtu huyo alikuwa mimi. Watu wakasema, kama Nzioka anaweza kuwafanya akina mama arobaini wachimbe bila kunung'unika, si anaweza kutuletea barabara?

Barabara niliwaletea, nusu. Nusu nyingine ilichukuliwa na mvua.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa. Diwani anakaa kwenye kamati. Kuna kamati ya masoko, ya barabara, ya afya. Jambo likitakiwa, mmoja anasimama kulitoa, hiyo ndiyo hoja. Mwingine lazima aseme "naunga mkono", na asipopatikana huyo wa pili, hoja imekufa hapo hapo, hata iwe nzuri namna gani. Yakishasemwa, karani anayaandika, na mkutano unaofuata yanasomwa ili watu wakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hayo maandishi tuliyaita minitsi. Yalisomwa kwa Kiingereza, tena mbio mbio, kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Mwenyekiti wetu wa kwanza, mzee mnene mpenda ugoro, aliniita kando wiki ya kwanza. "Nzioka," akaniambia, "kaunsela ana kazi tatu. Kufika, kuketi, na kuonekana ameketi."

"Na kusema je?"

"Kusema ni kwa wale ambao hawatarudi tena."

Nikashika hayo. Nikawa bingwa wa kuunga mkono.

Mwaka mmoja tulipelekwa Kitui kwa lori la kaunsil, kutazama kuta wanazojenga mitoni ili mchanga ushike maji. Ni kazi nzuri sana. Unachimba mchanga mkavu kwa mkono na maji yanakuja. Mjini tulipokewa na mwenye hoteli mmoja Mwislamu aliyetupikia pilau, nikala mpaka nikafungua mshipi. Lakini sikuanza hii kwa ajili ya pilau. Tulikaribishwa kwenye mkutano wao, na pale palikuwa na diwani mkongwe aliyelala kidevu kifuani. Kila hoja ikitolewa alishtuka na kusema, "Naunga mkono!" kisha akarudi usingizini. Ikatolewa hoja ya kufunga josho la ng'ombe la kijiji chake mwenyewe. "Naunga mkono!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa niseme jambo ambalo wanasiasa wenzangu hawatapenda. Kwetu kulikuwa na namna ya kustaafu bila kustaafu. Uchaguzi ukikaribia, na ukisikia watu wameanza kukuchoka, unasimama mbele ya watu na kusema, kwa sauti ya mgonjwa, "Mimi nimechoka, sigombei tena, nawaachia vijana." Unakwenda nyumbani, unakaa. Baada ya siku chache wazee na akina mama wanakuja kukubembeleza, na mbuzi mbele yao. Unakataa. Wanabembeleza tena. Unafuta macho, unakubali kwa ajili yao. Hapo kijana aliyekuwa anajitayarisha kugombea anaonekana kama mwizi.

Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ule mwaka wa njaa, na hao watu walinunua mbuzi wakati ule. Bado naona haya. Mke wangu Syombua alinitazama nikimchuna yule mbuzi akasema, "Baba Muthoka, wewe unaaga kama mtu anayetoka mlangoni pole pole ili aitwe."

Kilichonimaliza ni dispensari.

Tulikuwa tumepigania dispensari miaka mingi. Kwetu mgonjwa alibebwa kwa kitanda kushuka kilima mpaka barabarani, na huko mnangoja gari la kheri. Mke wa mtoto wa mama Kalunde alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa kuzaa. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Mama Kalunde alikuwa mkubwa wa mwethya yetu, ameninywesha uji nikiwa mdogo, na tangu siku hiyo alikuwa akinikuta njiani ananiuliza neno moja tu, "Lini?" Nami najibu, "Karibu, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama.

Na ilikuwa karibu kweli. Kamati ya afya ilikubali iwe kwetu. Lakini mkutano mmoja sikuhudhuria, nilikwenda Kilungu kuchukua miche ya matunda, na siku hiyo wakaihamishia wadi nyingine. Hawakuficha. Waliandika kwenye minitsi. Mwezi uliofuata karani akasoma yote kwa Kiingereza chake cha nyuki, akauliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikainua mkono. Nikasema, tena kwa ile sauti yangu ya mwethya, "Naunga mkono!"

Aliyenifungulia macho ni mwalimu Mumo, kijana wa shule ya msingi pale kwetu. Alikuja nyumbani na karatasi. Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mzee, nilitaka kujua kwa nini ulikubali."

"Nilikubali nini?"

Akaweka kidole. "Hapa ni jina lako."

Jina langu nalijua kulisoma. Mengine akanisomea yeye, pole pole, kwa Kikamba. Nikakumbuka yule mzee wa Kitui. Yeye angalau alikuwa amelala.

"Inaweza kurudishwa?" nikauliza.

"Inaweza, hoja mpya ikiandikwa vizuri. Lakini lazima iandikwe, na lazima mtu asome watakachojibu."

Wiki hiyo hiyo nikasimama kwenye baraza la chifu nikasema sigombei, nawaachia vijana, mchagueni mwalimu Mumo. Watu wakapiga makofi wakitabasamu. Siku ya nne wakaja nyumbani kwangu na mbuzi. Nikawaambia safari hii ni kweli. Wakacheka. Nikasema naapa. Wakaniambia, "Mheshimiwa, hii umeifanya vizuri kuliko zile nyingine," wakamfunga mbuzi kwenye mti wa ua wangu, wakaenda. Nilimrudisha mwenyewe kwa kamba, mbele ya soko zima. Wakasema sasa anataka fahali.

Kwa nini sikuwaambia kuhusu dispensari? Kwa sababu niliona haya. Nilitaka kuondoka nikiwa mtu mzuri.

Mwaka huo kura ilikuwa ya mlolongo. Mgombea anasimama uwanjani na picha yake, watu wanajipanga nyuma yake, na afisa msimamizi anahesabu vichwa. Ikifika saa iliyowekwa, firimbi inapigwa, na baada ya firimbi hakuna kuhama. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja mwalimu Mumo, na mwingine Ndunda, mwenye duka na lori, aliyekuwa ameleta watu kwa hilo lori tangu asubuhi. Dispensari Ndunda hakuitaja hata mara moja, kwa maana duka lake lilikuwa barabarani, na gari alikuwa nalo.

Niliingia uwanjani kwenda kwa mwalimu. Karibu na goli nikasimama kumsalimia mama Kalunde. Akanisalimia, kisha badala ya kwenda akasimama nyuma yangu. Mwingine akasimama nyuma yake. Nilidhani wananingoja kunisalimia. Kugeuka, naona kama watu thelathini, na wengine wanakuja.

"Mwaitu, mstari wa mwalimu ni ule kule."

"Nauona. Macho yangu ni mazima."

"Basi nenda."

"Nimeshafika."

"Mimi sigombei!"

"Ulisema hivyo mwaka wa njaa, tukaleta mbuzi. Ukasema tena, tukaleta mbuzi na kreti ya soda. Safari hii umetukatalia mbuzi. Sasa tumekuja sisi wenyewe, na bado unanuna?"

Wale wa nyuma wakaangua kicheko. Nikasogea hatua tano. Mstari ukasogea hatua tano. Nikazunguka goli, wakazunguka goli. Nilipokaribia ukuta wa choo cha shule nikasimama, kwa maana niliogopa wangeingia. Ndunda akapiga kelele kutoka kule, "Mheshimiwa! Hiyo gari ya moshi yako inakwenda wapi?"

Afisa msimamizi akaja na daftari lake. "Mzee, wewe ni mgombea?"

"Hapana."

"Basi hawa sitawahesabu. Zimebaki dakika chache." Akatazama mstari mpaka mwisho wake, akashusha sauti. "Lakini huu ndio mrefu kuliko yote. Kama jina lako lilisahaulika tu, linaweza kukumbukwa. Sema sasa, kabla ya firimbi."

Nisiwadanganye. Kifua changu kilipanda. Nilitazama ule mstari, akina mama ambao niliwaimbia wakichimba, na wengine walikuwa wamezeeka wakinipigia kura tangu uchaguzi wa kwanza. Nikakiona kile kiti chenye mto mwekundu. Mstari wa Ndunda ulikuwa umepita ule wa mwalimu kwa watu wengi, hata mtu wa darasa la pili aliliona hilo.

Mama Kalunde akanigusa mgongo na fimbo. "Simama wima, Nzioka. Mwaka huu si ndio unatuletea dispensari?"

Nikageuka. Nikamwambia hapo hapo, mbele ya afisa na wote waliokuwa karibu. "Mwaitu, dispensari niliipeana mimi. Ilikuwa yetu. Walisoma kwa Kiingereza kwamba inahamishwa, nami nikaunga mkono."

Kicheko kikakatika. Mama Kalunde akaishusha fimbo yake.

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana. Nilikuwa macho."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

"Najua."

Akavuta pumzi. Nilidhani atanitemea mate, na angekuwa na haki. Akasema, "Huyo mwalimu anajua kuisoma hiyo kitu?"

"Ndiye aliyenisomea."

"Sasa umesimama hapa kwenye jua kufanya nini? Tembea!"

Nikatembea. Nilikata uwanja katikati nao wote nyuma yangu, hakuna aliyecheka tena, hata Ndunda. Nikafika mkiani mwa mstari wa mwalimu, nyuma ya kijana mmoja aliyevaa kaptula ya shule ya upili, nikasimama. Mama Kalunde akasimama nyuma yangu, na fimbo yake ikabaki mgongoni mwangu kama askari. Wa mwisho wetu alikuwa bado anakimbia akishika leso firimbi ilipopigwa.

Walituhesabu mara mbili kwa sababu Ndunda alilalamika. Mwalimu alishinda.

Mama Kalunde hakunisemesha karibu mwaka mzima. Mwalimu naye alipotoa hoja yake ya kwanza ilikufa, alikosa wa kumwunga mkono. Nikaona kumbe ile kazi yangu haikuwa bure kabisa, ila niliifanya mahali pasipofaa. Nilikwenda kwa madiwani wenzangu wa zamani mmoja mmoja, mpaka Kikima, kwa miguu, kuwaomba. Alipoitoa mara ya pili, hoja ilipita. Dispensari ikajengwa, mawe tukabeba sisi wa mwethya, na wimbo nikaanzisha mimi. Siku ya kwanza ya kubeba mawe mama Kalunde ndiye aliyeniitikia.

Sasa tuna vyama vingi, kura imerudi kwenye sanduku, na magoti yangu hunipeleka pale dispensari kila mwezi. Ninakaa kwenye benchi. Nesi ni msichana mdogo asiyejua niliwahi kuwa mheshimiwa. Juzi akaniambia, "Mzee, songa kidogo, kuna wengine wamekuja." Nikasonga.

Mwalimu Mumo bado ni diwani. Ameongeza kitambi, na amekipata kile kiti cha mto mwekundu. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani baada ya kanisa, akakaa, akavua kofia, akaniambia kwa sauti ya chini kidogo kwamba amechoka, na uchaguzi ujao anafikiri hatagombea, awaachie vijana.

Nikamtazama vizuri.

"Mwalimu," nikamwuliza, "ni kweli, ama unataka mbuzi?"

Alicheka sana, mpaka Syombua akatoka jikoni kutazama. Lakini chai ilipoa kwenye kikombe chake, na alikuwa hajanijibu.