Fidla na Koti la Mama

Leo nimefungua sanduku, na koti la mama likanipiga usoni kwa harufu ya naftalini. Alilivaa siku ile tulipoalikwa klabu ya wazungu wa majani chai, kusikiliza wageni waliokuja na fidla. Tulikaa nyuma kabisa. Mvua ilipiga mabati. Kisha fidla moja ikaanza, polepole, kama mtu anayejizuia kulia.

"Wanamlilia nani?" mama akamuuliza baba.

"Hakuna. Ni muziki tu."

Lakini kwetu magharibi ukisikia kilio huulizi mara mbili. Unaingia, unalia na wenzako. Na mdogo wangu tulikuwa tumemzika huku ugenini, kando ya shamba la chai, bila jamaa hata mmoja wa kumlilia. Mama akasimama, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru akiita jina la mtoto wake.

Fidla zikanyamaza. Baba akainamisha kichwa. Bibi mmoja wa kizungu akanigeukia, akauliza kwa upole, "Toto, hii mama yako?"

Nikatazama viatu vyangu. "Hapana."

Mama alisikia. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akaketi.