Namba ya Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla kahawa haijapoa, Achiel Deprez alichonga penseli mbili kwa kisu cha mkate: yake, na ya marehemu mkewe, Irma.

Mchezo ulikuwa wa Irma. Chukua namba, jumlisha zote zinazoigawa isipokuwa yenyewe, kisha jibu ulifanyie vivyo hivyo. Kumi na mbili huzaa 16, halafu 15, 9, 4, 3, mwishowe 1, basi. Wao walianza na 276, nayo ikagoma kushuka. Miaka ishirini na miwili, jikoni kwao mjini Ronse, Irma aligawa na kuandika, Achiel akajumlisha, viazi vikiungua.

"Mzee wewe, umeiruka saba!"

"Sikuiruka. Nilikuwa nakutazama."

Jumapili moja baada ya misa, alipeleka daftari kwenye kilabu chao cha namba, katika baa ya Omer, dereva wa tramu mstaafu. Pale mlolongo wa namba husomwa wote kwa sauti, mwenzako akigawa upya. Ukipita, huandikwa ukutani pamoja na jina. Achiel alitaka jina la Irma likae pale.

"Ya kumi na saba, 30044," Omer alisoma. "Nne, mara saba, mara 1073."

"Hiyo 1073 haigawanyiki."

"Nani kasema?"

"Irma."

Omer alikokotoa nyuma ya kadi ya kuwekea glasi ya bia.

"Ishirini na tisa mara thelathini na saba. Shemeji alijaribu namba tasa mpaka 23 akaachia hapo. Ilibaki moja tu, jamani!" Akamsogezea penseli nyekundu. "Kuanzia hapa zote ni hewa. Futa, Achiel, anza upya. Tutakungoja."

Achiel aliinamia ukurasa. Pembeni palikuwa na doa la siagi. Akakumbuka: ilikuwa siku ya Mtakatifu Martini, theluji ya kwanza, Irma aliacha kugawa akakimbilia mikate myembamba iliyokuwa ikiungua kati ya vyuma vyake, akarudi anacheka, unga puani, akasema, "Naandika haigawanyiki, tule."

"Mwandiko wake siufuti."

"Basi ukutani hauingii, ndugu yangu. Sheria ni yetu sote."

"Usiingie."

Alifunga daftari, akavaa kofia, akatoka. Bia yake ilikuwa nusu. Jumapili iliyofuata Omer alimwekea kiti, na iliyofuata tena. Achiel hakurudi.