Mlango wa Alhamisi

Soko la mpakani pale Bwera hukaa Jumanne na Ijumaa. Kwa muda mrefu ndoa yangu nayo ilikaa siku ya Ijumaa, tangu asubuhi hadi askari walipopuliza filimbi za kufunga.

Mimi ni mtu wa Butembo. Nilivuka kuingia Uganda kwa pasipoti, nikagongewa muhuri wa mgeni wenye siku za kuhesabu, na baada ya wiki chache nikapata kazi Kasese kwa Hajji mmoja mwenye malori mawili. Kazi yenyewe ni samaki. Alfajiri nafika Katunguru, kwenye mfereji unaounganisha maziwa mawili, nachagua samaki wa ngege na wa mamba, yule kamongo wa matope, waliotiwa chumvi na kuanikwa, nasimamia wanavyofungwa kwa mikeka, kisha tunaondoka kwenda Bwera, ambako Wakongomani wenzangu hununua na kuvusha. Samaki huyo kwetu tunamwita makayabo, na bila yeye harusi ya Butembo haijawa harusi.

Nilipanga chumba kimoja nyuma ya gereji. Majirani zangu walikuwa Bakonzo, na lugha yao na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Nilielewa karibu kila neno lililopita dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mpweke kati ya watu nisiowaelewa. Sikujua kuna upweke wa kusikia kila kitu, nani anamdai nani radhi, mtoto wa nani kakataa uji, na katika yote hayo pasiwe na neno moja linalokuhusu. Jioni nilizima redio ili niwasikie vizuri.

Mke wangu alibaki Butembo akimtunza mama yangu, ambaye miguu yake haikuwa ya safari. Kila Ijumaa aliyoweza, alishuka na wafanyabiashara wenzake hadi mpakani akiwa na madumu ya mafuta ya mawese. Wa soko hawahitaji pasipoti. Unaacha kadi yako ya kura mezani, unapewa jetoni, kipande cha karatasi ngumu chenye namba, na jetoni hiyo inakufikisha sokoni na si zaidi. Jioni unairudisha, unapewa kadi yako, unaenda kwenu.

Hajji alipokwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa aliniachia lori, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Tulikaa kwenye turubai upande wa kivuli. Wanunuzi walikuja, nikauza, nikarudi kukaa. Alinieleza habari za mama, za paa, za padri mpya anayehubiri kwa kukimbia kama anayewahi basi. Filimbi zilipolia nilimbebea mizigo yake ya sabuni na chumvi hadi ng'ambo ya daraja. Nami niliacha kadi yangu ya kura mezani, nikapewa jetoni, nikavuka, nikarudi kabla meza haijafungwa.

Hapo ndipo ilipoingia imani yetu. Sijui aliyeianzisha. Wapagazi waliijua, wabadilishaji fedha waliijua, mama wauza nguo waliijua: mgeni akivuka daraja na kurudi, amekata siku. Muda wake wa kukaa unaanza upya. Walisema hivyo, kukata siku, kama mtu anavyosema kukata kucha, jambo la usafi tu ambalo mtu mzima halisahau. Kila Ijumaa nilivuka na kurudi, nikalala nikiwa na amani. Pasipoti yangu ilikuwa Kasese, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, na sikuona sababu ya kuisumbua.

Kisha mke wangu alishika mimba. Ilipokuwa kubwa, barabara ya kutoka Butembo ikawa mbaya kwake, kwa mashimo yake na kwa watu wenye bunduki walioijia mara kwa mara. Akaacha kushuka. Nilikaa kwenye turubai peke yangu, jioni nikavuka daraja na kurudi mikono mitupu ili tu kukata siku, na Hajji alipotoka msikitini alinikuta nimeuza zaidi kuliko kawaida.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Kwetu jina halitafutwi. Mtoto wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na Bakonzo wa Uganda hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo nilimjua jina kabla ya kumjua sura. Sura ililetwa na simu ya jirani, picha yenye giza ambayo nusu yake ilikuwa blanketi.

Miezi iliyofuata, mtaa wetu kule ulianza kuhamwa. Watu walilala kanisani na kurudi nyumbani mchana. Kaka yangu mkubwa akamchukua mama kwake, mjini katikati, na mke wangu akanipigia kusema anakuja Kasese na mtoto, si kwa soko, kuishi. Alikuwa ameshapata pasipoti. Ilimchukua muda na ustahimilivu ambao mimi sina.

Nilimwambia apite Ijumaa na jetoni kama kila mtu, kisha apande lori letu chini ya mikeka ya akiba. Wengi hufanya hivyo. Alikataa.

"Jetoni ni ya mafuta na sabuni," alisema. "Mutoto wangu ataingia kwa mulango, aandikwe."

Nilimheshimu kwa hilo, na nikaona ana haki. Tulichagua Alhamisi, siku ambayo soko halipo, maofisa hawana haraka na hakuna msukumano.

Alhamisi hiyo Hajji alinipa ruhusa. Nilivaa shati lililopigwa pasi, nikachukua pasipoti, nikashuka Bwera kwa gari la abiria na nikasimama upande wa Uganda karibu na kizuizi, kati ya vijana wa bodaboda waliokuwa wakitaniana kwa kukosa wateja. Mmoja aliniuliza ninamsubiri nani. Nikasema mke na mtoto. Akaniambia niache kusimama kama mlinzi wa benki, watafika tu.

Nilimwona akitoka darajani, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, akiingia ofisini kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Alikaa ndani muda mrefu. Kisha ofisa mmoja alitokea naye mlangoni, na mke wangu akaninyooshea kidole. Niliitwa.

Nataka ieleweke kwamba niliingia kwa furaha. Walikuwa wamemuuliza anakwenda kwa nani, akajibu kweli, kwa mumewe Kasese, na walitaka kumwona mwenyeji huyo na karatasi zake. Mimi nilikuwa na karatasi zangu. Niliitoa pasipoti kwenye nailoni kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

Ofisa aliifungua, akasoma jina langu, akatabasamu. Alikuwa Mukonzo. "Wa pili," aliniambia kwa lugha yetu, maana jina langu ni la mtoto wa pili wa kiume. "Hata mimi wa pili. Tuna jina moja." Akamwambia mke wangu aketi kwenye benchi, mtoto asichoke. Kisha akaanza kufunua kurasa, na kadiri alivyofunua ndivyo tabasamu lilivyoondoka. Akageukia Kiswahili.

"Uliingia hii siku. Ukatoka lini?"

"Ijumaa iliyopita, afande. Nilivuka, nikarudi."

"Muhuri iko wapi?"

"Nilivuka kwa jetoni."

Mwenzake aliyekuwa kwenye meza ya nyuma alicheka bila kuinua kichwa. "Amekata siku huyo. Bwera yote iko na makasi."

Yule wa jina langu hakucheka. Alinieleza taratibu, na nadhani alinieleza vizuri kuliko alivyolazimika. Kitabu chake kinajua pasipoti. Pasipoti hii iliingia mara moja na haijatoka hadi leo. Muda wake uliisha zamani. Jetoni haiandikwi popote, jioni zinarudi kwenye kopo lao na Jumanne zinagawiwa tena. Mtu wa jetoni ni mtu wa soko, na yeye hamjui.

Mke wangu aliinua uso kutoka kwenye benchi. "Na ule wa jetoni," aliuliza, "ule aliyenibebea chumvi kila Ijumaa, alikuwa nani?"

Yule wa jina langu alirudi kwenye kurasa za pasipoti. Haikuwa dharau, nafikiri walikuwa hawajawahi kuulizwa.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mke wangu hakuruhusiwa kuingia. Mgeni huja kutembea, alielezwa, na mama huyu amesema kwa mdomo wake anakuja kuishi, tena kwa mwenyeji asiye na muda. Angesema anakuja kununua vitenge angekaa wiki. Lakini ilikuwa imeshasemwa na imeshaandikwa. Kwangu mimi njia zilikuwa mbili. Nitoke leo hii pamoja naye, nigongewe muhuri ambao utanizuia kurudi kwa muda mrefu. Au niache pasipoti pale, nilipe faini, tajiri wangu aniombee kibali cha kazi, na nisubiri jibu Kasese mjini kwa karatasi ya muda. Karatasi hiyo inaniruhusu kukaa mjini na kufika Katunguru kazini. Hainiruhusu kufika mpakani, na siku za soko kuna ukaguzi njiani tangu kabla ya Bwera.

"Chagua, ndugu," ofisa alisema. "Mimi nitaandika unachosema."

Mke wangu alikuwa amemfungua mtoto mgongoni ili amnyonyeshe. Alipomaliza alinipa mimi, bila sherehe, kama mtu anavyompa mwenzake kitu ashike kidogo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa mzito kuliko picha. Alinitazama kidogo, kisha akaiona kalamu ya ofisa na hakutaka tena kutazama kitu kingine.

Nilisema nitatoka nao. Nilisema kwa sauti ya kutosha ili ofisa aandike.

"Usiandike, afande," mke wangu alisema. Akanigeukia. "Utatoka uende wapi, papa? Kulala na sisi kanisani? Mutoto hakuli sura ya baba. Baki. Tafuta hiyo kibali."

"Na wewe?"

"Mimi niko na kwetu. Wewe ndiyo hauna."

Ofisa alisubiri. Mtoto alikuwa ameshika kola ya shati langu na kuitia mdomoni. Nilijaribu kutafuta kosa katika hesabu ya mke wangu na sikulipata. Nikamwambia ofisa aandike njia ya pili.

Waliniruhusu kuwasindikiza hadi kwenye kizuizi na si hatua zaidi. Nilimsaidia kumfunga mtoto, nikamtwika mzigo. Mwenye mzigo kichwani hageuki nyuma, shingo haimruhusu, kwa hiyo sikungojea ageuke. Niliangalia kichwa cha mtoto kilivyokuwa kikiyumba juu ya kanga mpaka malori ya upande wa pili yakakifunika. Kijana wa bodaboda aliyenitania asubuhi alinipeleka hadi stendi.

Hajji alikasirika kwanza, akaniita mtu mzima anayefundishwa sheria na wapagazi. Kisha akalipa faini, akavaa koti, akaenda mwenyewe kuniombea kibali. Maombi yako Kampala. Tunaambiwa tusubiri.

Ijumaa sasa zina mpangilio mwingine. Napakia Katunguru kama zamani, napanda lori hadi njia panda ya Kikorongo, na hapo nashuka. Lori linakata kushoto kwenda Bwera. Mimi nasubiri gari la kunirudisha Kasese. Wiki za kwanza Hajji aliuza peke yake, na saa ya swala ilimtesa, maana hakuwa na wa kumwachia mali. Aliomba dua akiwafikiria wezi. Mke wangu alipoanza kushuka tena na mafuta yake, kwa jetoni yake, mtoto mgongoni, Hajji alimwona na akamwomba amsimamie kidogo. Tangu hapo yeye ndiye anayekaa kwenye turubai. Nasikia anauza kunishinda, na kwamba ana maneno makali kwa wanaobonyeza samaki bila kununua.

Sisi wawili tunazungumza kwa simu, lakini mtandao wa kule hukatika, na yeye hana subira ya kueleza mambo ambayo kwake ni ya kila siku. Kwa hiyo namngojea Hajji. Lori likirudi Kasese jioni naingia nyuma kushusha mikeka mitupu, naye anakaa kwenye ngazi ya mlango akivua soksi, na mimi namuuliza. Mtoto alikuwa amevaa nini? Alikohoa? Ametambaa au bado anakaa tu? Hajji si msimulizi. Mara nyingi husema mtoto ni mtoto. Lakini nikimbana hutoa kimoja kimoja: kwamba meno mawili ya chini yametoka, kwamba alimkojolea kanzu dakika chache kabla ya swala, ikabidi akaazime nyingine kwa mwuza nguo.

Ijumaa hii nilimuuliza kama mtoto ameanza kutambua watu.

"Eh, anatambua," Hajji alisema. "Nikitoka msikitini akiniona tu anacheka, ananyoosha mikono nimubebe."

Alishika soksi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimuuliza kama Ijumaa ijayo tuongeze mamba au tuache vilevile. Akasema tuongeze. Nikaendelea kushusha mikeka.