Waliamua Nikiwa Nje

Uvimbe niliuona mwenyewe nikioga, ziwa la kushoto, mdogo kama punje ya kunde. Wa kwanza kumwambia alikuwa dada yangu mkubwa, hata kabla ya mume wangu, kwani tangu mama alipofariki, mama kwangu alikuwa yeye. Kila nilipoitwa hospitali tulikwenda naye.

Siku daktari aliposema ni saratani, sikuweza kukaa. Nilitoka nje, nikabaki kwenye benchi. Ndani walibaki mume wangu na dada kusikiliza habari za matibabu. Walipotoka, dada aliniambia kwa upole kuwa njia ni moja, ziwa liondolewe lote. Nikamuuliza kama haiwezekani kuondoa uvimbe peke yake.

"Ingeliwezekana, ningekuficha?" akasema.

Asubuhi ya operesheni muuguzi aliniuliza kama nimeelewa kila kitu. Nikamjibu kuwa dada yangu kanieleza, nikatia saini bila ya kusoma.

Kidonda kilipona vizuri. Kilichonitaabisha ni kanga. Nikijifunga kifuani haishiki upande ule, inateremka, na kila ikiteremka mume wangu hugeuza uso.

Baada ya miezi mitano nilipokewa kliniki na daktari mwengine, mwanamke. Alifungua faili, akaniuliza kwa nini sikutaka kulihifadhi ziwa na uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Nikamwambia sikuambiwa kama inawezekana. Akanigeuzia faili nisome. Familia ilielezwa njia mbili: kuondoa uvimbe kisha kupigwa mionzi Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, au kuondoa ziwa zima. Chini yake imeandikwa kuwa mgonjwa amechagua ya pili. Daktari alinambia kwamba kwa uvimbe kama wangu, matumaini ya kuishi yanakaribiana kwa njia zote mbili, na kuwa walikosea kutoniuliza mie mwenyewe.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Malindi, kwa dada. Hakukana. Alisema mume wangu hakutaka nikae Dar muda wote ule, na wa kunifuata angekuwa yeye, na harusi ya bintiye ilikuwa imeshakaribia.

"Tena wewe ushazaa, ushanyonyesha," akasema. "Tuliona hulihitaji."

"Lilikuwa langu, dada."

Pengine ningechagua vile vile, maana mionzi nilikuwa nikiiogopa. Lakini hilo silijui, wala sitalijua, na ndilo linaloniuma kuliko kovu.

Mume wangu alisema dada ndiye aliyemhakikishia kuwa nitaridhia. Bado tunaishi pamoja. Kliniki nakwenda peke yangu, na kila karatasi naisoma mpaka mwisho, hata wauguzi wakichoka kunisubiri.

Ramadhani hii dada ameniletea bakuli la tambi. Nimelitia kaimati, kwa sababu bakuli la mtu halirudi tupu, nikalipeleka Malindi. Nimeliacha kwa jirani yake wa chini. Juu sikupanda.